Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya watoto wetu: simu tumeivunja, mtoto je?

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Elimu, Afya, Maendeleo ya Jamii na Mawasiliano. Kwa TAMISEMI, yenye dhamana ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Na kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Nafundisha Kiswahili, ni matroni wa bweni la wasichana, na kwa miaka sita sasa nimekabidhiwa pia kazi ya malezi na unasihi. Kazini nina miaka 19. Nawaandikia kuhusu simu na watoto wetu, na naomba mnisome mpaka mwisho, kwa sababu sikuja kuomba simu ziruhusiwe mabwenini, wala sikuja kuomba adhabu iongezwe makali.

Nianze na usiku mmoja. Ilikuwa wiki yangu ya zamu, saa nane za usiku. Nilikuwa napita katikati ya vitanda nimezima tochi, maana tochi ikiwaka tu kila mtu anakoroma. Kitanda cha tatu kutoka dirishani, cha juu, shuka lilikuwa linatoa mwanga. Nilimgusa mguu. Alikuwa binti wa kidato cha tatu, mtulivu, jina lake halijawahi kutajwa kwenye kikao cha nidhamu. Simu yenyewe ndogo, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, mfuniko wa nyuma umefungwa na mpira usidondoke. Mchana alikuwa akiificha kwenye pakiti ya pedi, chini ya nguo, ndani ya ndoo. Sikio moja lilikuwa na waya. Hakubishana. Aliinuka, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anavyokabidhi daftari.

Asubuhi mstarini aliitwa mbele ya shule nzima, wanafunzi zaidi ya 900. Simu iliwekwa juu ya jiwe, ikapigwa nyundo mara tatu. Shule ikapiga makofi, kama inavyopiga kila mara. Akasimamishwa masomo wiki mbili. Barua ya kumsimamisha ilisema amekutwa na simu akiwasiliana na wanaume usiku. Simu ile ni mimi niliyeipeleka ofisini, na siku ile niliona nimetimiza wajibu wangu.

Aliporudi ndipo aliponieleza. Mama yake ni mfanyakazi wa ndani Muscat, Oman. Mwajiri wake ndiye anayeamua mama ashike simu saa ngapi, kwa hiyo walikuwa hawapigiani. Mama alikuwa anarekodi sauti usiku akishamaliza vyombo, anaituma, na mtoto anaisikiliza siku akipata bando. Zilikuwa 41. Alizihesabu. Nyingine ya dakika nzima, nyingine ya sekunde kumi: umekula? Nywele umesuka? Usigombane na bibi yako. Usiku ule hakuwa anaongea na mwanaume yeyote. Alikuwa anarudia sauti ya miezi mitatu nyuma, kwa sababu mama alikuwa amenyamaza wiki ya tano, na bibi kule nyumbani naye hana habari.

Laini tulikuwa tumeitoa kabla ya nyundo, tukamrudishia. Sauti zilikuwa ndani ya simu.

Waheshimiwa, kanuni ilivunjwa, sikatai. Na naiunga mkono kanuni yenyewe. Nimeona darasa linavyokuwa pale ambapo simu haipo: watoto wanagombana, wanacheka, wanaazimana peni, wanatazamana usoni. Lakini katika hatua zote tulizochukua, kuanzia pale kitandani hadi kwenye jiwe, hakuna mtu mzima aliyemuuliza yule binti alikuwa anatafuta nini saa nane za usiku. Hata mimi sikumuuliza. Fomu yetu ya makosa ina nafasi ya jina, kidato, kosa, adhabu na sahihi ya mzazi. Haina mstari wa swali hilo. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo nakala yake iko kwenye kabati la ofisi yetu, inasema mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni asinyimwe haki ya kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake.

Naomba basi niwaeleze ninachokiona, maana tatizo lipo na si dogo.

Mtoto wangu wa pili alimaliza kidato cha nne. Mnaijua kalenda yetu: mtihani unaisha Novemba, kidato cha tano kinaanza Julai. Hapo katikati kuna zaidi ya miezi saba. Kijana wa miaka 16 au 17, aliyekaa miaka minne akiamshwa na kengele, anakula kwa kengele, analala kwa kengele, anarudishwa nyumbani bila kengele yoyote na anapewa simu kama zawadi ya kumaliza. Waliomaliza kidato cha sita wana mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Wa kidato cha nne hawana kitu. Mimi na baba yake tunatoka asubuhi, tunarudi jioni.

Mwezi wa kwanza nilimuona anafurahi. Mwezi wa pili akaacha kula mezani. Mpira aliokuwa anaupenda akauacha, marafiki wakija anasema aambiwe amelala. Nikimuuliza anasema "niko poa." Alfajiri moja niliamka kusali, nikamkuta sebuleni amekaa chini karibu na soketi kwa sababu waya wa chaji ni mfupi. Uso umepigwa na mwanga, kidole gumba kinapandisha, kinapandisha. Hakuwa anacheka wala hajakunja uso. Nikamuuliza, "Unaangalia nini, baba?" Akainua macho kama mtu aliyeamshwa. "Hata sijui, mama."

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko kitabu chochote nilichosoma juu ya jambo hili. Mtoto hakuwa na furaha pale wala hakuwa na starehe. Alikuwa hawezi kutoka.

Na vyombo hivi vimetengenezwa hivyo. Ukisoma gazeti, ukurasa unaisha. Ukitazama mpira, refa anapuliza filimbi. Ukurasa wa mitandao hii hauna mwisho: ukivuta chini unajijaza, video moja ikiisha nyingine imeshaanza bila kuulizwa, na katikati ya kumi za kawaida inakuja moja inayokushika, hujui itakuja lini, kwa hiyo unaendelea kuvuta. Mtu mzima mwenye kazi na ndoa na madeni anashindwa kuiweka chini. Ubongo wa miaka 15, ambao sehemu yake ya kujizuia bado inakomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, tunautaka ushinde peke yake.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani nyinyi mlio Dodoma na Dar es Salaam mnaweza kuligusa kwa kalamu moja. Mwanangu alikuwa haingii mtandaoni mchana. Alikuwa anasubiri saa sita za usiku, kwa sababu bando la usiku ni rahisi: kwa shilingi zile zile unapata MB nyingi kuliko mchana, mradi uzimalize kabla hakujapambazuka. Fikirini hilo. Mtoto hana hela, ana 500 aliyopewa na shangazi yake. Nani mwenye shilingi 500 atanunua bando la mchana? Tumeweka intaneti bei ya chini kabisa katika saa zile zile ambazo kijana anapaswa kuwa amelala, tukaweka na sharti kwamba asipokesha inaisha. Madaktari wa usingizi wanasema mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Katika balehe mwili wenyewe tayari unamchelewesha kusinzia. Asiyelala anakuwa na hasira, analia kwa jambo dogo, hakumbuki alichosoma, anaona kila mtu anamchukia. Halafu akifika kwangu ananiambia ana stresi, na mimi naanza kutafuta mzizi kwenye familia yake wakati mzizi mmoja umeandikwa kwenye menyu ya bando.

Sisemi bando la usiku lifutwe kwa kila mtu. Wapo wanachuo na wafanyabiashara wanaolitegemea. Nasema mamlaka inayosimamia bei na huduma iwaite wenye kampuni mezani na kuwauliza: laini inayotumiwa na mtoto ifanyweje usiku? Najua jibu litakalokuja. Watasema hawajui laini ipi ni ya mtoto. Na hapo watakuwa wakweli, kwa sababu mtoto hana kitambulisho cha NIDA mpaka afikishe miaka 18, kwa hiyo laini anayoitumia imesajiliwa kwa alama ya kidole cha baba, mama, kaka au jirani. Kwenye takwimu zetu za intaneti, ambazo mwaka 2024 zilipita watumiaji milioni 40, mwanangu hayumo. Humo nimo mimi, mara mbili.

Jambo hilo hilo liko kwenye akaunti. Mitandao mingi inasema ina ulinzi kwa walio chini ya miaka 18: ujumbe wa watu wasiojulikana unazuiwa, muda unawekewa kikomo. Lakini watoto wengi ninaowafahamu walianza kwenye simu ya shangazi, kwa akaunti ya shangazi, yenye umri wa shangazi. Mtandao unamuona mwanamke wa miaka 35 na kumletea vya mwanamke wa miaka 35. Australia imepitisha sheria ya kuzuia akaunti za walio chini ya miaka 16, ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, na nasikia wapo hapa nyumbani wanaotamani tuinakili. Naomba kabla ya kuinakili mje mwone simu zinavyotumika katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba.

Nirudi kwa mwanangu, kwa sababu kuna sehemu inanihusu mimi na wazazi wenzangu. Matokeo yalipotoka Januari, namba yake ya mtihani ilikuwa inajulikana na ukoo mzima. Kabla sijafika nyumbani, mtu alishapiga picha ukurasa wa matokeo na kuirusha kwenye kundi la familia: daraja la tatu, pointi zimezungushiwa duara jekundu. Chini yake likawekwa daraja la kwanza la binamu yake, na maua, na makofi. Mwanangu alikuwa kwenye kundi lile. Alisoma kila kitu. Siku tatu hakutoka chumbani. Tunasema mitandao inaharibu watoto, na pale hakukuwa na kampuni ya kigeni wala mtu asiyejulikana. Tulikuwa wajomba, mashangazi na mimi, niliyeandika "tushukuru Mungu" na kuendelea na safari.

Kilichomsaidia hakikuwa kumnyang'anya simu. Nilijaribu wiki moja, akawa anaazima ya jirani. Kilichomsaidia ni fundi wa friji wa mtaani kwetu aliyekubali akae naye kibandani, abebe vifaa, ajifunze kujaza gesi. Siku ya nne alirudi mikono ina grisi, akala sahani mbili, akalala saa tatu usiku na simu iko sebuleni, hakuna aliyemwambia aiache. Alikuwa amechoka, na kulikuwa na mtu anamtegemea kesho saa mbili. Lakini si kila mzazi ana fundi wa friji jirani. Waheshimiwa wa Elimu na TAMISEMI, miezi ile saba ni yenu pia. Vyuo vya VETA vipo, maktaba za mikoa zipo, viwanja vya shule vipo na vinafungwa saa kumi. Kozi fupi ya wiki nane kwa waliomaliza kidato cha nne, hata ya nusu siku, ingefanya kazi kuliko semina mia za madhara ya mitandao.

Sasa niseme neno juu ya utafiti, kwa sababu najua wataalamu wenu watauliza. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya ilitoa ripoti mwaka 2024 iliyohoji watoto wapatao 280,000 wa miaka 11, 13 na 15. Waliokuwa na matumizi yenye matatizo ya mitandao ya kijamii walipanda kutoka asilimia 7 mwaka 2018 hadi asilimia 11 mwaka 2022, wasichana wakiwa 13 na wavulana 9. Mapitio ya King's College London ya mwaka 2019, yaliyokusanya tafiti 41, yalikuta takribani kijana mmoja kati ya wanne ana dalili za kushindwa kuitawala simu, na kwamba dalili hizo hutembea pamoja na sonona, wasiwasi na usingizi mbovu. Upande wa pili, mwaka huo huo, watafiti wa Oxford, Amy Orben na Andrew Przybylski, walichambua data za vijana zaidi ya 350,000 wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia kwa ujumla yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Wote wawili nawaamini, na sioni kama wanapingana. Wingi wa saa peke yake hauniambii kitu. Binti wa zile sauti 41 na mwanangu sebuleni wote walikuwa macho usiku na simu mkononi. Mmoja alikuwa anashikilia mtu. Mwingine alikuwa anazama. Ukiwapima kwa saa ni sawa, na ukiwapa nyundo ile ile umekosea kwa wote wawili.

Ninayemhofia ni mtoto ambaye amejaribu kuacha na hawezi, anayedanganya ili aipate, anayetetemeka na kutukana ikiwa mbali, aliyeacha alivyokuwa anavipenda, na ambaye akiwa na huzuni hana pengine pa kuipeleka isipokuwa kwenye kioo. Hilo la mwisho ndilo ninalolikuta mara nyingi. Simu huwa imekuja baada ya kitu kingine: msiba, wazazi kuachana, kufeli, mjomba mwenye mikono mibaya. Wala huzuni za bwenini hazikuletwa na simu. Wazee wa Kagera wanakumbuka Kashasha, karibu na Bukoba. Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Ikaenea. Kati ya wanafunzi 159, walipatwa 95, na Machi shule ikafungwa. Madaktari hawakupata ugonjwa mwilini. Hakukuwa na simu hata moja. Kulikuwa na watoto wenye kitu kifuani na hawana wa kumwambia. Mpaka leo katika shule zetu za wasichana wapo wanaoanguka kwa mafungu, na sisi tunaita wachungaji na masheikh, tunaombea, tunarudi darasani.

Ndiyo maana ombi langu kubwa kwenu ni watu na muda. Kwenye karatasi, shule yetu ina huduma ya unasihi. Huduma hiyo ni mimi. Nina vipindi 26 kwa wiki, nina bweni, nina daftari za kusahihisha. Tangu ada ifutwe kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016 watoto wameongezeka, na ni jambo jema, lakini unasihi umebaki kuwa kazi ya ziada ya mwalimu yeyote anayeonekana ana huruma. Mafunzo niliyopata ni ya siku tatu. Chumba cha unasihi ni stoo ya vifaa vya michezo. Mtoto hulia akiwa amekaa juu ya begi la mipira, na mwenzake akigonga kuomba jezi tunanyamaza mpaka aondoke.

Na kwenye ukuta wa nje wa stoo hiyo kumechorwa vizuri kabisa, kwa rangi ya bluu, namba 116, ya bure, ya kumsaidia mtoto. Namba hiyo naiheshimu, najua imeokoa watoto. Lakini shuleni kwetu mwanafunzi hana simu, haruhusiwi kuwa na simu, na simu ya ofisi iko mezani kwa mkuu wa shule. Mtoto wangu wa bwenini atapiga 116 kwa kutumia nini? Miaka yote nimepita mbele ya ukuta ule bila kuliona hilo, mpaka binti mmoja wa kidato cha pili aliponiuliza.

Wekeni basi simu moja ya mezani au ya kitochi katika kila shule ya bweni, mahali penye faragha, inayopiga 116 na namba ya mzazi, bila kuomba ruhusa kwa mtu anayeweza kuwa ndiye tatizo. Kampuni za simu tayari huchangia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Sijui kazi ipi ya mfuko huo inaweza kuwa ya haki kuliko hiyo. Laiti simu kama hiyo ingekuwepo mwaka ule, binti yule angempigia bibi yake Jumapili mchana mbele ya macho yetu.

Kuna na wale waliotishiwa. Mwaka jana binti mwingine alitumiwa vitisho na kijana aliyekuwa na picha yake, akitaka hela la sivyo airushe. Ilimchukua miezi minne kuniambia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, polisi wana dawati la jinsia na watoto, vyote alivijua. Kilichomfunga mdomo ni kwamba akisema ametishiwa, lazima aseme ametishiwa kwenye simu gani. Alimwogopa yule kijana, akatuogopa sisi zaidi. Kila nyundo tunayopiga mstarini inasikika masikioni mwa mtoto wa namna hiyo aliyesimama safu ya nyuma akipiga makofi na wenzake.

Kwa hiyo naomba Waraka wa Elimu. Marufuku ya simu mabwenini ibaki. Kuvunja na kuchoma simu hadharani kukome. Simu ikamatwe, izimwe, ifungwe kwenye bahasha mbele ya mtoto, mzazi aitwe aichukue. Na kabla ya adhabu yoyote mtoto akae na mtu aliyefundishwa, aulizwe, jibu liandikwe. Anayejitokeza mwenyewe kusema ametishiwa asiadhibiwe kwa kosa la simu. Hayo hayahitaji bajeti.

Yanayohitaji bajeti ni haya: mnasihi mmoja wa kuajiriwa kwa kila shule ya bweni, au hata mmoja kwa shule tatu za jirani kwa kuanzia, na njia ya wazi ya kumfikisha mtoto hospitali. Leo nikiona mtoto hali wala halali, sijui nimpeleke wapi hapa wilayani. Wazazi wakisikia "afya ya akili" wanawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, wanamficha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa langu moja lina 60.

Na Waheshimiwa wa Sheria, ingawa sikuwataja juu, naomba mlisikie hili pia. Kanuni yetu ya Adhabu bado inahesabu jaribio la mtu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho kwao kinakiuka Katiba. Mimi mwalimu, mtoto akinieleza kwamba amefikia huko, kalamu inanitetemeka nikitaka kuandika, kwa kuwa nikiandika ukweli nimeandika mashtaka. Mtoto aliyefika hapo anahitaji kitanda, dawa na mtu wa kukaa naye usiku.

Mtauliza binti wa zile sauti aliishia wapi. Yuko kidato cha nne. Mama yake alipatikana. Alikuwa amebadilishiwa mwajiri na simu yake kuchukuliwa. Sasa anapiga Ijumaa moja moja kwenye simu yangu, na tunakaa stoo, mtoto kwenye begi la mipira, mimi nje ya mlango. Wiki iliyopita alinisogezea simu akaniomba nimfundishe namna ya kuhifadhi sauti ili zisipotee hata simu ikiharibika. Tulihifadhi tatu.

Shule inafungwa mapema Desemba, na darasa lake litakuwa limeshaondoka kabla ya hapo kuelekea miezi yao saba. Mimi nipo shuleni kila siku ya kazi, na wiki za zamu nalala bwenini. Mkimtuma mtu aje kuona, aje usiku, baada ya saa sita. Nitampitisha.

Wenu katika malezi,

Mwalimu wa malezi na unasihi, Morogoro